Amehama, Aendako Hakujulikani: Historia Fupi ya Karatasi ya Makazi

Mwezi uliopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyekwenda Berlin kusoma shahada ya uzamili. Alikuwa amepata chumba. Kodi ilikuwa nafuu, kituo cha treni kilikuwa karibu, na mwenyeji wake alionekana mtu mkarimu. Palikuwa na sharti moja tu: asijiandikishe. Aliambiwa akae atakavyo, ila jina lake lisifike ofisini. Akaniuliza: "Daktari, karatasi hii ina nini hasa, hata watu waiogope namna hii? Nichukue chumba, au niendelee kulala sebuleni kwa rafiki?"

Swali la pili nililijibu siku ile ile: asichukue. Swali la kwanza halijibiki kwa ujumbe wa simu. Lina historia ya karibu miaka mia mbili ndani yake, na sehemu ya historia hiyo inawahusu watu waliotoka Bagamoyo na Dar es Salaam. Lina pia somo kwetu sisi ambao miaka michache iliyopita tulishuhudia nyumba zetu zikipigwa namba. Ndiyo maana nimeona nimjibu hapa, mbele ya wasomaji wote.

Mlango unaofungua milango mingine

Kwanza tuelewe karatasi yenyewe. Sheria ya usajili wa makazi inayotumika sasa Ujerumani ilianza tarehe 1 Novemba 2015. Inamtaka kila anayehamia kwenye nyumba ajiandikishe katika ofisi ya huduma kwa wakazi ndani ya wiki mbili. Mgeni aliyekuja kwa matembezi yasiyozidi miezi mitatu amesamehewa. Aliyekuja kuishi hakusamehewa. Raia naye ana wajibu huo huo: profesa wa Kijerumani akihama kutoka Hamburg kwenda Munich hupanga foleni kama mwanafunzi kutoka Mbeya. Asiyejiandikisha anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Anayempa mtu anwani ya kujiandikishia ilhali mtu huyo haishi hapo wala hana nia ya kuishi hapo, faini yake inaweza kufika euro 50,000.

Pamoja na fomu, mpangaji hupeleka uthibitisho uliotiwa saini na aliyempangisha kwamba kweli amehamia. Hapo ndipo ugumu unapoanzia kwa mgeni. Mara nyingi anayempa chumba ni mpangaji mwenzake anayepangisha bila ridhaa ya mwenye nyumba, au ni mtu asiyetaka mamlaka ya kodi ijue mapato yake. Mtu kama huyo anataka fedha za mpangaji, ila hataki saini yake iache alama.

Bila cheti cha usajili, maisha husimama. Namba ya mlipa kodi hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyosajiliwa. Mwajiri anaihitaji namba hiyo. Benki nyingi huomba cheti, na Idara ya Uhamiaji hukihitaji kabla ya kutoa kibali cha ukaazi. Barua zote hizo huja nyumbani, kwa kuwa kule hakuna desturi yetu ya kutumia sanduku la posta la mwajiri au la shule. Tarishi hutazama jina lililobandikwa kwenye kisanduku cha barua mlangoni, na asipoliona huondoka na barua yake. Kwa hiyo mgeni asiye na anwani hapati kazi, na asiye na kazi hapati mwenye nyumba wa kumwamini. Ni duara, na wanafunzi wengi wa kigeni hutumia miezi yao ya kwanza wakizunguka ndani yake.

Mimi nilipofika Berlin mwaka 2011 kwa ajili ya masomo ya udaktari, hali ilikuwa nyepesi kidogo. Saini ya mwenye nyumba ilikuwa imeondolewa katika sheria mwaka 2002, nayo ilirudishwa na sheria hiyo ya 2015 kwa hoja ya kuzuia anwani za bandia. Nilijaza fomu, nikatoa pasi ya kusafiria, na dakika kumi baadaye nikawa mkazi wa Berlin. Katika fomu palikuwa na kisanduku kilichouliza dini. Niliandika kwamba mimi ni Mlutheri, bila kusita, kama mtu anavyotaja jina la baba yake. Miaka miwili baadaye nilipopata ajira ya muda chuoni, niliona katika hati yangu ya mshahara makato ambayo sikuyajua. Ilikuwa kodi ya kanisa, ambayo katika Berlin ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na dola hulikusanyia kanisa kwa kutumia jibu lile nililoandika siku yangu ya pili nchini.

Sikuudhika sana, maana sadaka ni sadaka. Lakini kama mtu wa historia nilishtuka. Nilijiuliza: daftari linalojua nyumba ninayolala linahitaji nini tena kujua ninavyosali? Na zamani, liliwahi kuyatumia vipi mambo hayo mawili kwa pamoja?

Chanzo chake ni maskini

Wengi hudhani usajili wa makazi ulibuniwa ili kuwakamata wahalifu. Nchini Prussia, dola kubwa kuliko zote za Ujerumani ya karne ya 19, chanzo kikuu kilikuwa kingine. Tarehe 31 Desemba 1842 mfalme wa Prussia alitia saini sheria tatu kwa mkupuo: moja juu ya nani ni raia wa Prussia, ya pili juu ya kupokewa kwa watu wanaohamia mahali papya, na ya tatu juu ya wajibu wa kuwatunza maskini.

Sheria hizo tatu hazikuwekwa siku moja kwa bahati. Wakulima walikuwa wameondolewa katika utumwana wa makabaila, viwanda vilikuwa vikianza, na watu walikuwa wakimiminika mijini. Mtu akiugua au akikosa kazi mjini, nani amlishe: kijiji alikotoka au mji alikofikia? Sheria ya 1842 ilielekeza mzigo huo polepole kwa mahali mtu anapoishi. Basi ikawa lazima mji ujue nani anaishi ndani yake na tangu lini, na mgeni akatakiwa kujitambulisha kwa polisi wa mahali hapo. Mwaka 1867, chini ya Shirikisho la Ujerumani Kaskazini, raia walipewa haki ya kuhamia popote ndani ya shirikisho, na wajibu wa kujiandikisha ukabaki pembeni ya haki hiyo.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu wanaharakati wenzangu hupenda kusema kwamba kila daftari la dola ni pingu. Hapa daftari lilikuwa pia dai: kuandikwa kulimaanisha kwamba kuna mahali panapowajibika kwako. Mwanafunzi wangu anahitaji cheti kile leo kwa sababu hiyo hiyo. Asiyeandikwa hana pa kudai.

Ila dai hilo halikuwa la kila mtu aliyetawaliwa na Berlin. Mwaka 1897 serikali hiyo ya Ujerumani ilitangaza kodi ya nyumba katika koloni lake la Afrika Mashariki. Huku kwetu kilichohesabiwa kilikuwa kibanda, na lengo lilikuwa fedha na nguvu kazi. Hakuna aliyeandikwa ili akiugua atunzwe.

Kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Huyu ni msomi wa Bagamoyo ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa mchango wake mkubwa katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na mwaka 1904 akamwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wawili hao walisafiri kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka na kuishi hapa kama mume na mke, nao wakarudishwa Ulaya. Mtoro alifariki dunia Berlin mwaka 1927. Tafakari, ndugu msomaji: mwenyeji wa pwani alipata mahali pa kuishi na mkewe katika mji mkuu wa mtawala wake, akanyimwa katika nchi ya mababu zake. Mamlaka ya kusema nani akae wapi hutangulia karatasi yoyote.

Daftari mikononi mwa polisi

Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933 hawakulazimika kubuni daftari la wakazi. Walilikuta. Walichofanya ni kuliunganisha na kulikaza. Tarehe 6 Januari 1938 walitoa kanuni moja ya usajili kwa Ujerumani nzima, chini ya polisi. Mwaka 1939 wakaongeza kadi maalumu za kuwapanga watu kwa umri na uwezo wao wa kazi na vita. Katika sensa ya tarehe 17 Mei 1939 kila kaya ilijaza kadi ya nyongeza iliyouliza kama babu au bibi yeyote alikuwa Myahudi.

Soma pia sheria ya upangaji ya tarehe 30 Aprili 1939. Iliwaondolea wapangaji Wayahudi ulinzi dhidi ya kufukuzwa, na wengi wao wakasukumwa katika nyumba chache walimobanana familia kwa familia. Mwenye nyumba, yule yule ambaye leo mgeni humbembeleza amtilie saini, aligeuzwa kuwa chombo cha kuwatenga wapangaji wake.

Tarehe 18 Oktoba 1941 treni ya kwanza ya kuwahamisha Wayahudi wa Berlin iliondoka kituo cha Grunewald. Waliohamishwa waliitwa kwa majina na kwa anwani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1941, ilitolewa amri iliyosema kwamba Myahudi ambaye makazi yake ya kawaida yako nje ya nchi amepoteza uraia wa Ujerumani, na mali yake inakuwa ya dola. Watu walipakiwa kwenye treni kwa nguvu, wakavushwa mpaka, kisha sheria ikawahesabu kuwa wamehamisha makazi. Na katika kadi nyingi za usajili, karani aliandika maneno ya kawaida kabisa ya ofisini: amehama, aendako hakujulikani.

Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba sijui sentensi ya kiserikali iliyo ya kutisha kuliko hiyo. Karani hakutukana wala hakupiga mtu. Alifunga kadi kwa utaratibu, kama afanyavyo kwa mpangaji yeyote aliyeondoka bila kuaga.

Mtu mmoja wa kwetu naye alipitia mikono ya dola hiyo. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Alifika Ujerumani mwaka 1929, akadai malimbikizo ya mshahara wa kijeshi wa baba yake na wake mwenyewe, akakataliwa. Akabaki Berlin. Alifanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe, alisaidia kufundisha Kiswahili chuoni, aliigiza katika filamu, akaoa na kuzaa. Uraia hakuwa nao, maana watu wa makoloni hawakuhesabiwa kuwa raia, na koloni lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa la Waingereza. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma ya uhusiano na mwanamke mweupe, kosa ambalo Wanazi waliliita kuchafua damu. Bila kufikishwa mahakamani alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Nchi jirani ya Uholanzi inatupa mfano mwingine. Ilikuwa na daftari la wakazi tangu 1850, lililotunzwa vizuri na kwa nia njema, pamoja na safu ya dini. Wajerumani walipoivamia mwaka 1940, daftari hilo likawa mali yao. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha wasanii na wanafunzi, akiwamo mchoraji na mwandishi Willem Arondeus, kiliingia katika ofisi ya daftari la Amsterdam kikiwa kimevaa sare za polisi na kulilipua. Sehemu ya kadi iliungua, nyingi zilibaki. Washiriki 12 walipigwa risasi tarehe 1 Julai mwaka huo. Karibu robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa katika vita hivyo. Wanahistoria hutaja sababu nyingi za kiwango hicho, na ubora wa daftari ni mojawapo.

Walichojifunza, na waliyemsahau

Baada ya vita, Ujerumani Magharibi iliondoa hatua kwa hatua usajili mikononi mwa polisi na kuukabidhi kwa serikali za miji. Ujerumani Mashariki iliuacha kwa polisi, na kila nyumba ya wapangaji ikawa na kitabu chake cha wakazi na wageni, kilichosimamiwa na mmoja wa wakazi. Msomaji aliyekua chini ya balozi wa nyumba kumi hahitaji maelezo zaidi.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1983. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliandaa sensa na ilitaka majibu ya wananchi yatumike pia kusahihisha daftari la wakazi. Wananchi wakaandamana, wakagoma, wakaenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1983 Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe ilibatilisha sehemu za sheria hiyo, likiwamo wazo hilo la kuchanganya sensa na daftari. Ilitamka kwamba mtu ana haki ya kuamua taarifa zake zitolewe kwa nani na kwa matumizi gani, na kwamba dola inayotaka kuiwekea haki hiyo mipaka sharti itunge sheria iliyo wazi. Sensa ilisubiri hadi 1987. Hoja ya Karlsruhe imeenea tangu hapo hadi katika sheria za mabara mengine.

Hata hivyo, mgeni hakulindwa kwa kiasi kile kile. Mwaka 1975 Berlin Magharibi ilizuia wageni wapya kuhamia wilaya za Kreuzberg, Tiergarten na Wedding, kwa madai kwamba wamejaa, na katika pasi za watu wengi, hasa Waturuki, likagongwa muhuri uliosema hawaruhusiwi kuishi huko. Tangu 1953 kumekuwapo pia daftari kuu la wageni, tofauti na lile la wakazi, nalo lilifanya kazi hadi 1994 ndipo likapata sheria yake mahususi. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya, katika shauri la raia wa Austria aitwaye Heinz Huber, iliamua kwamba Ujerumani haiwezi kuhifadhi taarifa za raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya katika daftari hilo kwa lengo la kupambana na uhalifu, wakati raia wake yenyewe hawawekwi katika daftari la namna hiyo. Uamuzi huo ulimsaidia Mwaustria. Mtanzania na Mkenya wanabaki wameandikwa mara mbili.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu akiingia ofisini na fomu yake, anaingia pia katika historia hii. Wajibu wake ni sawa na wa raia. Ulinzi wake ni pungufu.

Na sisi je?

Katika mwaka ule ule wa 1983, wakati mahakama ya Karlsruhe ikisikiliza hoja za wananchi, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka vizuri. Mtu alisimamishwa barabarani na kutakiwa kuthibitisha kwamba ana kazi inayotambulika. Aliyeshindwa alihesabiwa mzururaji, na wengi walipakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini. Wengi kati yao walirudi mjini baada ya muda mfupi, kwa kuwa maisha yao yalikuwa huko. Sisemi kwamba jambo hilo lilikuwa sawa na yale ya Berlin ya 1941. Anayesema hivyo anawakosea heshima waliouawa. Ninachosema ni kwamba sisi pia tumewahi kutumia karatasi kumwambia mtu kwamba mahali anapoishi si pake. Na kabla yetu, Waingereza walifanya hivyo Kenya kwa kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali yetu iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ilipewa majina na nyumba zikapigwa namba. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Gari la wagonjwa likiitwa usiku linahitaji namba ya nyumba kuliko maelezo ya "pale kwenye mwembe, uliza kwa Mama Fulani". Mwaka huo huo tulitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sasa kuna tume ya kuisimamia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na Ibara ya 17 inalinda uhuru wake wa kwenda na kuishi popote nchini. Vifaa tunavyo.

Kilichobaki ni mazoea ya kuuliza. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa waulize maswali manne kila wanapoletewa fomu mpya. Je, kila swali lililo katika fomu lina kazi inayojulikana, au limewekwa kwa sababu fomu ya zamani ilikuwa nalo? Nani mwingine ataona jibu, na sheria gani inamruhusu? Mwananchi akikosa saini ya mtu mwenye nguvu kumzidi, awe mwenye nyumba au mwenyekiti wa mtaa, ana njia gani nyingine? Na mgeni anayeishi kwetu, awe mkimbizi wa Kigoma au mfanyabiashara wa Kariakoo, analindwa na kanuni zile zile?

Swali la tatu linanigusa zaidi. Tunaolalamikia uthibitisho wa mwenye nyumba kule Ujerumani tunajua jinsi barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa ilivyo hapa. Mpangaji anayedaiwa kodi ya mwezi mmoja huogopa kwenda kuiomba. Binti anayefanya kazi za ndani hajui kama jina lake limo katika kitabu cha mjumbe. Bila barua hiyo, akaunti ya benki na huduma nyingine huwa ngumu. Duara la Berlin lina ndugu yake Manzese.

Na kwa wanaharakati nina neno moja. Kuchoma daftari lilikuwa tendo la ujasiri mwaka 1943, kwa sababu wakati huo hapakuwa na mahakama ya kuiendea. Sisi tunayo. Tuitumie mapema, wakati safu za fomu bado zinachorwa, kabla hazijajazwa.

Jibu kwa mwanafunzi wangu

Basi, mdogo wangu, jibu la swali lako la kwanza ni hili. Karatasi hiyo ina mambo mawili kwa pamoja: inaiambia dola kwamba inawajibika kwako, na inaiambia mahali pa kukupata. Hayajawahi kutenganishwa tangu 1842. Anayekupa chumba na kukunyima usajili amekunyima lile la kwanza kwa faida yake, na hajakulinda na la pili, kwa kuwa chuo, ubalozi na Idara ya Uhamiaji tayari wanajua kwamba uko nchini. Tafuta bweni la chuo, hata kama ni dogo na liko mbali. Dai uthibitisho uliosainiwa kabla ya kulipa dhamana. Andika jina lako vizuri kwenye kisanduku cha barua. Katika kisanduku cha dini, jibu ukweli ukijua matokeo yake. Ukiona maisha yako yamo hatarini kwa sababu ya anwani yako kujulikana, omba ifungwe, maana sheria ya kule humruhusu mtu wa nje kuuliza anwani yako kwa ada, na humruhusu pia mwenye sababu nzito kuifunga.

Ukishapata cheti, panda treni uende mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193. Tazama chini, kwenye njia ya waendao kwa miguu. Utaona kibamba cha shaba chenye ukubwa wa kiganja. Msanii Gunter Demnig na wenzake wameweka vibamba vya namna hiyo zaidi ya 100,000 barani Ulaya, kila kimoja mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mwathirika wa Wanazi aliichagua mwenyewe. Mara nyingi anwani hizo hupatikana katika madaftari yale yale ya zamani. Hiki kina jina la Mohamed Husen wa Dar es Salaam, na juu ya jina hilo kuna maneno mawili ya Kijerumani yanayomaanisha "hapa aliishi".